Sahani Kumi na Nne za Manowari Bibi Theodosia

Nchi yenyewe sitaitaja. Wenyewe hupenda iitwe Jamhuri Tulivu, na utulivu huo umeandikwa kwenye katiba, kifungu cha kwanza, pamoja na adhabu ya atakayeuvuruga. Msomaji asihangaike kuitafuta kwenye ramani. Na kama anaishi humo humo, basi asome huku amekunja uso, watu wadhani anasoma tangazo la serikali.

Jamhuri Tulivu ilikuwa na admirali wanne: wa Kaskazini, wa Kusini, wa Maji Marefu na wa Maji Mafupi. Manowari ilikuwa moja. Iliitwa Bibi Theodosia, jina la mama mkwe wa Rais, na kwa sababu hiyo hakuna fundi aliyewahi kuthubutu kuandika kwamba injini yake inakoroma. Ilikuwa na vitanda kumi na vitano, kwa hiyo mabaharia wake walikuwa kumi na watano, na nahodha wa kumi na sita alilala nyumbani kwake. Siku ya mkasa nahodha alikuwa bara, kwenye semina ya siku tano kuhusu kukaa macho.

Jumanne hiyo, saa nne asubuhi, Koplo Tunu Mlekwa, mpishi wa meli, alikuwa nyuma kabisa ameinama, anamwaga maganda ya vitunguu baharini. Jikoni maharage yalikuwa yameanza kulainika. Akasikia mvumo. Akainua kichwa, akaona kitu cheupe kinakuja chini chini, karibu kuyagusa maji, kimenyooka kama kimetumwa na mtu anayemjua. Alipata nafasi ya kusema "Ee!" na hakuimaliza.

Tunu alipoibuka majini, Bibi Theodosia alikuwa amelala ubavu anawaka moto, na wenzake wote kumi na wanne walikuwa wamebanana kwenye chelezo cha mpira kilichotengenezwa kwa ajili ya watu kumi. Watatu walikuwa wameungua vibaya: Fundi Alfani wa injini, Koplo Msangule mpiga tarumbeta, na Luteni Chitete, ambaye hata hivyo alikuwa bado anatoa amri. Walikifunga chelezo kwenye boya la Mwamba wa Pweza kisichukuliwe na mkondo. Tunu alijishika pembeni, na kila alipojaribu kupanda, maji yaliingia ndani.

"Nyie kaeni," akasema. "Mimi nikizidi humu tunakwenda wote. Huu mwili mmeucheka miaka tisa, leo una kazi."

"Dada Tunu, utafika wapi?" akauliza Alfani. Mikono yake ilikuwa haitazamiki.

"Nitafika. Mna maji lita ishirini, niliyaweka mimi mwenyewe. Biskuti hamna, walikula admirali siku ya ukaguzi. Mkinywa kwa kikombe mtafika Ijumaa. Msinywe kwa hasira."

Akakumbatia pipa tupu la mafuta ya kupikia, akaanza kupiga miguu kuelekea nchi kavu.

*

Walimwokota alfajiri ya Jumatano akina mama wa shamba la mwani, maji yalipokuwa yametoka. Walimfunika kanga, wakampa uji, wakamwekea redio karibu apate kuchangamka. Redio ilikuwa na habari yake.

Upande wa Pili (ndivyo adui anavyoitwa, kwa kuwa jina lake halisi lilifutwa kwenye vitabu vya shule) ulitangaza kwamba kombora lake jipya lilizamisha manowari tatu, nyambizi mbili na meli kubwa ya kubebea ndege. Tunu alishangaa sana. Miaka tisa alipikia jeshi la Jamhuri, na hajawahi kuombwa hata chai ya mtu wa nyambizi.

Kisha akaja Msemaji wa Jeshi la Jamhuri Tulivu, Kanali Melkiori Tingo, mwenye sauti ya mtu anayeng'oa kifuniko cha asali. Alisema hakuna kombora lililorushwa. Alisema kombora hilo lilidunguliwa likiwa bado mbali. Alisema lile lililobaki lilipita juu ya Bibi Theodosia kwa heshima zote, likaenda kujitupa lenyewe. Akamalizia kwa kuwatangazia wananchi kwamba, kwa kuwa hakuna kilichotokea Mwamba wa Pweza, ni marufuku kwa chombo chochote kwenda huko kuangalia.

"Kumbe hamkuzama," akasema mama mmoja wa mwani kwa furaha.

"Mama, unaniona nilivyo."

"Nakuona, mwanangu. Lakini na redio nimeisikia."

*

Getini kwenye makao makuu, mlinzi aliangalia sare ya Tunu iliyoungua mgongoni.

"Unatoka chombo gani?"

"Bibi Theodosia."

"Bibi Theodosia yuko baharini."

"Ndiyo, yuko. Chini yake."

Mlinzi akafikiri. Meli iko doria, mtu wa meli yuko getini, basi huyo ni mtoro. Akamtia pingu kwa adabu, kwa sababu koplo alikuwa mkubwa wake kwa cheo, akampeleka kwa Sajini Meja Kitwana Ngoda, mtunza Daftari la Salama.

Hapa inabidi niseme neno kuhusu daftari hilo, maana ndilo lililokuwa jeshi lenyewe. Kila siku ya Mungu hali ya meli iliandikwa humo: Mahali, Idadi ya Watu, Ari ya Mapambano, Hali, na mwisho kabisa safu nyembamba ya Jikoni. Kwa miaka mingi majibu yalikuwa yale yale, kwa hiyo Kitwana, mtu mwenye busara na mgongo mbovu, aliijaza wiki nzima Jumatatu asubuhi. Watu: kumi na watano. Ari: juu. Hali: salama. Jumatatu jioni ukurasa ulipelekwa Ikulu kugongwa muhuri, na ukishagongwa haufutwi, haukatwi, hauongezwi nukta. Kwa hiyo Bibi Theodosia, aliyezama Jumanne, alikuwa salama mpaka Jumapili.

Safu ya Jikoni peke yake ndiyo haikujazwa mapema. Mtangulizi wake Kitwana aliwahi kuandika wali nyama wiki nzima. Alhamisi Rais akatembelea meli ghafla, akakuta dengu. Mtangulizi huyo sasa anahesabu mawimbi kwenye mnara wa taa huko kusini, na huleta ripoti kila mwezi. Tangu siku hiyo ikawa amri: Jikoni iandikwe siku kwa siku, kwa kinywa cha mpishi mwenyewe, na iwe kweli.

"Afande, meli imezama," akasema Tunu. "Wenzangu kumi na wanne wako juani kwenye boya la Mwamba wa Pweza. Maji yao mwisho Ijumaa, na watatu wameungua. Tuma boti."

Kitwana alimtazama kwa huruma ya kweli. Aliwahi kula maandazi yake.

"Nimekusikia, dada. Jana mlikula nini?"

"Afande!"

"Safu yangu iko wazi tangu jana, Tunu. Mchana umepita, simu hukupiga. Mimi nina familia."

"Hatukula kitu! Kombora liliingia jikoni maharage yakiwa motoni!"

"Kombora siwezi kuandika, halina safu," akasema Kitwana. "Na hali ni salama. Nimeandika mwenyewe, Ikulu wamegonga. Meli ikizama kabla ya Jumapili mimi nitakuwa nimemdanganya Rais. Njoo Jumatatu, nitakupa nafasi ya kwanza."

"Jumatatu watakuwa maiti!"

Alisema hivyo kwa sauti iliyofika ghorofa ya pili, ambako admirali wanne walikuwa kikaoni. Wakatuma aletwe.

*

Kikaoni walikuwa na ramani, maua ya plastiki na korosho. Kanali Tingo alikuwa amesimama anasoma rasimu ya taarifa ya nne, iliyosema kwamba kombora lilipiga kweli, lakini lilikuwa la kwetu, na tulikuwa tunalijaribu.

"Hiyo inatupa kombora," akasema Admirali wa Maji Marefu. "Nzuri. Hatukuwa nalo."

"Lakini tumeipiga meli yetu," akasema wa Kusini.

"Kwa shabaha kali, mheshimiwa. Nimeandika hapa: kwa shabaha kali."

Tunu akapiga saluti na pingu zake. Akaeleza yote, kuanzia maganda ya vitunguu. Alieleza mikono ya Alfani. Alieleza kwamba Msangule alikuwa akijaribu kupuliza tarumbeta ili meli zinazopita zisikie, na midomo yake haikumruhusu. Alipofika hapo akalia mbele ya maafisa, akajichukia kwa kulia.

Admirali wa Maji Mafupi, Bonventura Kiloko, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wao, alisogeza korosho pembeni kwa heshima ya machozi.

"Koplo, jeshi linakupenda. Lakini fikiri kiafande. Mtu aliye salama haokolewi. Ukimwendea mtu aliye salama ukamwambia nimekuja kukuokoa, unamtia hofu, unamshusha ari. Na ari yao ni juu. Imeandikwa."

"Nendeni mkaangalie tu, mheshimiwa. Boti moja. Saa tatu za mwendo."

"Boti ikitoka, Upande wa Pili watasema tunaokota watu."

"Si watakuwa wanasema kweli?"

Kanali Tingo alilifuta neno fulani kwenye rasimu yake, ingawa hakuna aliyemwagiza. Admirali Kiloko akaagiza mfungwa apewe chai, arudishwe kwa Kitwana, akashtakiwe kwa utoro Jumatatu, meli itakapokuwa huru kuzama.

*

Kitwana alikuwa bado ameinamia daftari, jasho linamdondoka.

"Nisaidie, Tunu," akasema. "Jumanne mlikula nini? Hata ukisema uji nitaandika uji. Mchana huu watalipeleka daftari Ikulu kukaguliwa, na safu tupu ni kosa kubwa kuliko meli."

Tunu alikuwa amekaa sakafuni, ameegemea kabati la kanuni. Alichoka, na alikuwa na hasira ambayo haikuwa na pa kwenda. Alitaka kumtukana. Badala yake akasikia maneno yake mwenyewe yakimrudia kichwani: hatukula kitu.

"Afande. Meli ikikosa chakula, kanuni inasemaje?"

Kitwana hakuhitaji kufungua kabati. Kanuni ya thelathini na moja kila askari aliijua. Ilitungwa mwaka ambao admirali mmoja alikosa chakula cha mchana. "Meli ambayo jiko lake halifanyi kazi itapelekewa chakula kilichopikwa, ndani ya saa ishirini na nne, mvua inyeshe jua liwake, vita iwepo isiwepo."

"Na ya thelathini na mbili?"

"Kila askari atatia saini sahani yake, na atairudisha stoo kwa mkono wake mwenyewe."

Wakatazamana. Kitwana akafunga mlango.

"Andika," akasema, akimpa kalamu. "Mpishi ndiye anayeandika."

Tunu akaandika kwenye safu ya Jikoni: *Jumanne, saa nne asubuhi, jiko limeungua lote. Watu kumi na wanne hawajala.* Chini yake palikuwa na nafasi ndogo ya Chanzo. Akaanza herufi ya kwanza ya kombora, Kitwana akamshika mkono.

"Hapo utatuua sote. Kombora halijatokea. Weka kitu cha jikoni."

"Kitu cha jikoni ni mimi, afande."

"Ndiyo," akasema Kitwana, na aliinamisha macho. "Najua. Watakuja kukukamata kwa hili. Mimi nakwambia sasa ili usije ukasema sikukwambia."

Tunu hakufikiri sana. Alikuwa anaona lita ishirini za maji. Akaandika: *Maandazi. Mafuta yalishika moto kwa uzembe wa mpishi.* Akatia saini, T. Mlekwa, Koplo, kwa mwandiko mzuri kabisa, kwa sababu aliogopa Ikulu wasije wakashindwa kuusoma.

*

Ikulu waligonga muhuri bila neno. Moto wa jikoni si vita, na safu ilikuwa kweli kwa kinywa cha mpishi. Alhamisi asubuhi boti ya chakula iliondoka na masufuria mawili, Koplo Tunu akiwa na pingu mkono mmoja na mwiko mkono wa pili. Chakula alikipika mwenyewe alfajiri: ugali, maharage mapya, na ndoo sita za maji ambazo kwenye orodha ziliitwa mchuzi.

Chelezo kilikuwa pale pale kwenye boya. Waliokuwa wamekaa walikuwa kumi na mmoja. Alfani, Msangule na Luteni Chitete walilazwa katikati, wamefunikwa mashati ya wenzao. Walikuwa wamekufa Jumatano mchana, mmoja baada ya mwingine, wakati Kanali Tingo anasoma taarifa yake ya nne.

"Ulisema utafika," akasema baharia mmoja. Midomo yake ilikuwa imepasuka.

"Nimechelewa," akasema Tunu. "Nimechelewa, ndugu zangu. Kunyweni taratibu."

Akapakua sahani kumi na nne, kama ilivyoandikwa. Ofisa wa boti, kijana mwadilifu, alikusanya saini kumi na moja, kisha akasimama na kalamu mbele ya wale watatu, hajui afanye nini. Hatimaye alisoma kanuni ya thelathini na mbili kwa sauti, akawaambia kumi na mmoja waingie botini kwa haraka, wakarudishe sahani stoo. Watatu, kwa kuwa hawakutia saini na hawakuwa na cha kurudisha, walipaswa kubaki kazini. Tunu alimpiga kofi. Ofisa akaandika kofi hilo, lakini maiti walipandishwa botini, na kwenye orodha waliitwa masufuria.

*

Jumapili usiku ukurasa wa daftari uliisha, na Jumatatu Jamhuri Tulivu ilitoa taarifa yake ya tisa, na ya mwisho: manowari Bibi Theodosia ilihamia kwenye kina salama zaidi kufuatia ajali ndogo ya maandazi.

Upande wa Pili walikasirika isivyo kawaida. Walikuwa wameshalipatia kombora lao gwaride, wimbo na stempu. Walileta picha za rada, wakasema ni kombora, ni kombora, na yeyote anayesema maandazi anawadhalilisha wanasayansi wao. Wenye kiwanda cha kombora wakaja wenyewe kwa ndege kuomba ukweli usemwe, kwani wateja wawili walikuwa wameanza kuulizia unga. Jamhuri ikaunda tume. Admirali wanne walikula maandazi siku arobaini, kwa ajili ya utafiti, wakathibitisha kwamba yana nguvu ya kutisha.

Kesi ya Koplo Tunu ilichukua asubuhi moja. Wale kumi na mmoja waliletwa wakakaa benchi la nyuma, wamenyolewa vizuri, kila mmoja na askari wake ubavuni. Upande wa Pili walituma mwandishi wa habari aliyekaa mbele, kalamu mkononi, akimwombea mpishi aseme neno moja tu.

"Mshtakiwa," akasema hakimu, "iambie mahakama ni kitu gani kiliipiga Bibi Theodosia."

Tunu alilijua jibu. Alikuwa amekiona kinakuja, cheupe, kimenyooka. Alitaka kulisema kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, kwa ajili ya Alfani na Msangule na hata Chitete na amri zake. Lakini Kitwana alikuwa amemweleza mahabusu, kwa kunong'ona: ukisema kombora, safu ya Jikoni inakuwa uongo, safu ikiwa uongo, boti ya chakula haikuwa na ruhusa, boti ikikosa ruhusa, wale kumi na mmoja waliiacha manowari iliyo salama wakati wa vita. Watoro wakati wa vita hupigwa risasi.

Akageuka, akawahesabu kwenye benchi. Kumi na mmoja.

"Maandazi, mheshimiwa," akasema.

Alipewa miaka saba, na marufuku ya maisha ya kukaribia mafuta ya moto.

*

Sasa ungedhani imekwisha. Lakini Kitwana Ngoda ni mtu wa mazoea, na mgongo wake haujapona. Jumatatu iliyofuata aliijaza tena wiki nzima, kwa sababu hakuna aliyemwagiza aache. Mahali: kina salama. Watu: watatu. Ari: juu. Hali: salama. Wazazi wa Alfani wakija makao makuu kuuliza, huonyeshwa ukurasa wenye muhuri, wanaambiwa wasiwe na wasiwasi, kijana wao yuko kazini. Makaburi matatu yaliyo nyuma ya stoo yana kibao kilichoandikwa Masufuria.

Safu ya Jikoni bado haijazwi mapema. Amri ni ile ile: siku kwa siku, kwa kinywa cha mpishi mwenyewe, na iwe kweli. Kwa hiyo kila siku saa sita mchana Kitwana hulibeba daftari mpaka gerezani, hulipitisha kwenye nondo pamoja na kalamu, kisha hugeukia ukutani mpaka Tunu amalize. Ikulu hugonga muhuri bila neno.

Na kila siku Tunu huandika kitu kile kile, kwa mwandiko mzuri, ili wasije wakashindwa kuusoma: *Sahani tatu hazijarudi.*